Umekosea, Mama

Sijamwomba mkwe wangu msamaha, na sitamwomba. Nalisema hili mapema ili wale wanaongoja nilainike mwishoni wasijisumbue. Huku kwetu, kwenye vilima vya juu ya Sosiot, wapo watu ambao wakiniona napita na pikapu wananong'onezana kwamba huyo ndiye mama aliyemwaibisha mume wa binti yake mbele ya darasa zima. Ni kweli nilimwaibisha. Lakini hakuna anayeniuliza ilikuwaje, kwa hiyo nitasema mwenyewe.

Pikapu yenyewe si yangu. Ni ya kikundi chetu cha akina mama wanaouza maziwa. Tuliinunua ikiwa imeshatumika sana, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, ili maziwa yafike kwenye kituo cha kupozea kabla ya jua kupanda. Gari lilikuwa zima. Shida ilikuwa dereva. Tulimwajiri mwanamume mmoja wa papa hapa, naye alipokalia usukani akasahau kabisa kwamba maziwa hayana subira. Alisimama kunywa chai. Alisimama kubishana siasa. Alipakia mbao za watu na kusukuma mitungi yetu pembeni kama takataka. Maziwa yakifika yamechacha na kurudishwa, alitutazama sisi kana kwamba tulikuwa tumekamua ng'ombe wagonjwa. Siku tulipomweka katikati na kumwuliza, alitoa jibu ambalo mpaka leo linaniwasha.

"Nyinyi wamama mnajua mambo ya maziwa," alisema. "Gari niachieni mimi. Gari si sufuria."

Nilisimama palepale nikasema mimi nitajifunza kuendesha. Sikuwa nimepanga. Mdomo wangu una tabia ya kunitangulia. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, nywele zimeanza kuwa nyeupe mbele, na chombo kikubwa nilichowahi kukiendesha ni wilbaro. Baadhi ya wenzangu walicheka chinichini. Mwenyekiti wetu, ambaye hana maneno mengi, akakata shauri: nikipata leseni kabla ya mvua ndefu kuanza, usukani ni wangu. Nisipoipata, yule mwanamume anarudi, kwa sababu mvua ikishika hatuwezi kubeba mitungi kwa mgongo kwenye yale matope. Basi ikawa hivyo. Mimi au yeye.

Shule ya udereva niliyojiandikisha iko Kapsoit, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mwenye shule ni mzee aliyeendesha malori ya majani chai hadi akastaafu, na yeye ndiye aliyetufundisha gari lenyewe. Katikati ya chumba kuna meza kubwa iliyopakwa rangi ya kijani. Juu yake zimechorwa barabara, makutano, raundabauti, reli na shule, na kuna vigari vya watoto vya kuchezea. Sisi tuliiita bodi. Ukienda mtihani unaanzia kwenye bodi kama hiyo: mtahini anakuonyesha alama za barabarani na kukuuliza maana yake, halafu anakupa kigari ukipeleke mahali fulani bila kumgonga mtu. Ukianguka kwenye bodi, gari la kweli hutalishika siku hiyo. Unarudi nyumbani.

Nilikuwa na hamu kuliko uoga. Jioni, nikimaliza kukamua, nilikaa na kile kijitabu cha alama na kuzisoma kwa sauti hadi mume wangu akaniuliza kama nimebadilisha dhehebu. Wiki ya kwanza mzee mwenye shule alitufundisha bodi mwenyewe. Akatuambia wiki ya pili atakuja mwalimu mpya wa nadharia, kijana hodari, ili yeye abaki na magari.

Kijana hodari aliingia Jumatatu asubuhi. Nilimtambua kwa viatu kabla sijaona uso, maana kwa miaka sita viatu vyake ndivyo nilivyokuwa nikivitazama. Alikuwa mkwe wangu.

Kwa msomaji ambaye si wa huku nieleze kidogo. Kwetu sisi Wakipsigis, mume wa binti yako ni mtu wa kupewa nafasi, na wewe unapewa yako. Hamshikani mikono. Hamkai kwenye benchi moja. Hamtazamani machoni, na kukiwa na neno la kusema, linapitia kwa binti. Siku hizi wako wanaoyaacha mambo haya, lakini nyumba yetu na nyumba yao kule Ndanai ni watu wa kuyashika, na sikuwahi kuyaona kama mzigo. Yalikuwa heshima, na mimi napenda heshima. Binti yangu alikuwa amenieleza kwamba mumewe amepata kazi ya magari Kapsoit. Nikadhani ni fundi.

Alipoona ni mimi, chaki ilimwanguka. Akaiokota, akageukia dirishani, akaanza kufundisha dirisha. Mimi nikahama kiti taratibu hadi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuna aliyeondoka. Yeye alihitaji kazi. Mimi nilihitaji leseni, na shule nyingine ilikuwa mbali mjini Kericho, na ng'ombe wangu wanakamuliwa mara mbili kwa siku. Tukaendelea hivyo, mwalimu anatazama nje na mwanafunzi anatazama sakafu, na tukadhani tumelitatua.

Lazima niseme kwamba alikuwa mwalimu mzuri. Mkali, lakini mkali wa kuchekesha. Mwanafunzi akikosea kwenye bodi alipiga meza kofi na kutangaza maafa. "Umeua! Umeua mama na mtoto, na mbuzi wao!" Aliyekosea alirudishwa mwanzo, akarudia, akaua tena, akarudishwa tena, mpaka akapata. Kulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda aliyetaka leseni ya gari. Alikuwa na haraka kama wote wa kazi yake, na kwa hesabu ya mwalimu alikuwa ameshamaliza nusu ya Kapsoit kabla ya Jumatano.

Zamu yangu ikifika, chumba kilibadilika. Mkwe wangu aliondoka mezani akaenda kusimama mlangoni, mgongo ndani, uso nje. Mimi nilikwenda kwenye bodi, nikachukua kigari, nikakiendesha nilivyojua, nikakirudisha.

"Asante, mama," alisema. "Anayefuata."

Hakupiga meza hata siku moja, wala mbuzi wangu hakufa. Wiki tatu, kila siku, asante mama, anayefuata. Na mimi, mjinga mimi, nikaamini kwamba nilikuwa bora kuliko wote. Niliwatazama wale vijana wakiua watu kushoto na kulia nikatikisa kichwa kwa huruma. Kwenye mkutano wa kikundi nilisema, na wapo mashahidi, kwamba bodi ni kitu cha watoto na kwamba mwalimu hajapata kosa hata moja kwangu. Yule dereva wetu wa zamani alikuwa ameegemea uzio akisikiliza. Nilihakikisha anasikia.

Siku ya mtihani tulikwenda mjini, nikiwa nimevaa sketi yangu ya kanisani na sweta mpya. Uwanja ulijaa. Kulikuwa na bodi chini ya kibanda cha mabati, na mtahini wa makamo mwenye mwavuli alioning'iniza kwenye kiti. Walimu wa shule mbalimbali walisimama kando ya uzio, na mkwe wangu alikuwa miongoni mwao. Alama zote nilizijibu. Kisha mtahini akanipa kigari chekundu, akakiweka kwenye barabara kuu, akaniambia niende moja kwa moja hadi hospitali. Pembeni, kwenye barabara ndogo inayoingia kwenye ile kuu, kulikuwa na lori dogo la kijani.

Nilifika karibu na makutano, nikasimama. Nikalisubiri lori.

"Mama, mbona umesimama?" mtahini aliuliza.

"Napisha lori."

"Uko barabara kubwa. Yeye anatoka barabara ndogo. Unampisha kwa nini?"

"Limebeba mzigo," nilisema. Nilimshangaa kwa kuuliza.

Hapo nirudi nyuma kidogo. Kabla ya kubaki na mashina yangu machache ya chai, nilichuna majani kwenye mashamba makubwa kwa miaka kumi na minne. Njia za katikati ya mashina ni nyembamba, mnapita mmoja mmoja. Mkikutana, mwenye kikapu kitupu anaingia kwenye majani, maji ya umande yanamlowesha hadi kiunoni, na mwenye kikapu kilichojaa anapita. Hakuna aliyetufundisha na hakuna anayebishana. Mgongo wa mwenzako unauma, unampisha. Trekta la majani likija limejaa, hata gari la meneja linaingia kando. Hiyo ndiyo sheria ya barabara niliyoijua maisha yangu yote, na kwangu ilikuwa imeingia hadi kwenye mifupa. Kwa wiki tatu nilikuwa nimesimamisha kigari changu katikati ya barabara kuu kila nilipoona lori, nikijiona mtu mwenye utu.

"Hapo nyuma yako kuna basi linakuja kasi," mtahini alisema. "Limekugonga. Nani alikufundisha hivi, mama?"

Nilitazama kwenye uzio. Mkwe wangu alikuwa anatazama chini, na masikio yake yalikuwa mekundu, jambo ambalo si rahisi kwa rangi yake. Hapo ndipo nilipojua. Alikuwa ameona. Alikuwa ameona kosa hilo kila siku, kutoka mlangoni kwa pembe ya jicho, na kila siku alisema asante, mama.

Nilianguka mimi na msichana mmoja aliyelia mpaka akashindwa kujibu. Kijana wa bodaboda alipita. Alinikuta nyuma ya kibanda nikifunga kitambaa changu kwa hasira.

"Pole mathe," alisema. "Lakini hiyo ya lori ulikuwa unaifanya kila siku. Sisi sote tulikuwa tunaiona."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mwalimu mwenyewe amenyamaza, mimi ni nani? Tulifikiria labda kuna sheria ya wazee."

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Yule dereva wa zamani alinipungia mkono barabarani kwa upole mwingi sana, upole wa kumpungia mgonjwa. Mvua ndefu ilikuwa imebakiza kama mwezi na nusu, na mtihani mwingine ulikuwa baada ya wiki tano. Nilikaa jikoni bila kuwasha moto. Sikulia. Niliona aibu, halafu aibu ikaisha, na kilichobaki kilikuwa ghadhabu tupu.

Nilimpigia binti yangu simu, kama desturi inavyotaka. Nikamwambia amwulize mumewe kwa nini aliniacha niende kujiaibisha.

Akasema, "Mama, kwani unafikiri hakuumia? Kila jioni alikuwa anakuja hapa hali chakula. Anasema leo tena mama amesimama kwa lori, sasa nitafanya aje?"

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningesemaje? Mama, bwana yangu anasema umekosea?" Sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Hiyo ingekuwa matusi yake kwako, na mimi ndio nimeibeba. Mama, sisi tulikuwa tunakuheshimu."

Nilikata simu. Sikuwa nimewahi kumkatia mtoto wangu simu kabla ya siku hiyo. Wote walikuwa wananiheshimu. Mwalimu aliniheshimu, binti aliniheshimu, darasa zima lilikaa likiniheshimu, na mimi nikapelekwa mjini na sketi ya kanisani nikiwa sijui chochote. Yule wa bodaboda, ambaye hakuna aliyemheshimu hata kidogo, alikuwa ameambiwa ameua mpaka akajua kuendesha. Nililigeuza jambo hilo kichwani usiku na mchana. Kadiri nilivyoligeuza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hiyo heshima, katika chumba kile, ilinifanya niwe kama picha ya marehemu ukutani. Picha haikosolewi. Wala haipewi leseni.

Jumatatu nilirudi Kapsoit. Darasa lilikuwa na wanafunzi wapya, na baadhi ya wale wa zamani waliopita walikuwepo kwa masomo ya ziada ya gari, pamoja na yule wa bodaboda. Sikwenda benchi la nyuma. Nilikwenda mbele kabisa, nikakaa mita moja kutoka mezani, nikaweka kijitabu changu magotini na kumtazama mwalimu usoni. Miaka sita, na ndiyo kwanza nilikuwa naona vizuri kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi. Alirudi nyuma hadi akagonga ubao.

Nikasimama.

"Mwalimu," nilisema, "huko nyumbani mimi ni mama mkwe wako, na nitakaa mbali nawe mpaka Mungu anichukue. Lakini hapa nimejiandikisha kama hawa, nimelipa kama hawa. Uliniona nikikosea wiki tatu ukaninyamazia. Leo utaniuliza kama unavyouliza wengine, na nikikosea utaniambia nimekosea. Kama huwezi, sema mbele ya hawa watu kwamba huwezi."

Wanafunzi wapya walitazamana, kwa sababu hawakujua kuna nini kati yetu, na sasa walijua. Mkwe wangu aliweka chaki mezani polepole, akatoka nje.

Tulimwona kupitia dirishani akitembea hadi kwenye mti wa sipresi nyuma ya duka, akisimama, akirudi nusu ya njia, akienda tena. Nilidhani ameacha kazi. Nilianza kufikiria nitamwambia nini binti yangu, na kwa mara ya kwanza moyo ulinishuka. Kisha akaingia. Hakunitazama. Alikaa nyuma ya bodi akitugeuzia mgongo, uso ukutani, na kutoka hapo akasema kwa sauti ndogo:

"Mama aende kwa bodi. Aanzie barabara kuu, aende hospitali."

Niliendesha. Lori lilikuwepo. Nalikumbuka vizuri sana lile lori, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukasimamisha kigari. Miaka kumi na minne haiondoki kwa wiki moja.

Alikuwa amegeuka nusu, ameona. Akamwambia yule wa bodaboda, "Mwambie mama amekosea."

"Mathe, umekose—"

"Nyamaza," nilimwambia. "Nimesikia. Lakini sikujiandikisha kwako." Nikaugeukia mgongo wa mkwe wangu. "Niambie wewe."

Jasho lilikuwa limemtoka shingoni, na asubuhi hiyo ilikuwa baridi kiasi kwamba pumzi zetu zilionekana. Akageuka mzima. Akatazama kigari changu, si mimi.

"Umekosea, mama," alisema. "Rudi mwanzo."

Nilirudi mwanzo.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Nilikuwa nimelidai neno hilo kwa sauti ya juu, na aliponipa, lilinichoma kana kwamba amenivua kitambaa kichwani. Nilirudi nyumbani nimemchukia, nikamchukia siku mbili nzima, na siku ya tatu nikagundua kwamba sikuwa nimesimama kwa lori hata mara moja. Wiki iliyofuata alianza kupiga meza. Mara ya kwanza alipiga taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yenye msiba. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimeua watu kumi na mmoja na ng'ombe wa jirani, na alikuwa anayatangaza maafa yangu kwa sauti ileile aliyowatangazia vijana. Nje ya mlango ule tuliendelea kama zamani. Tukikutana sokoni alivuka upande wa pili wa barabara, nami nilitazama viazi.

Habari zilipanda mlima hadi kwa mume wangu. Wazee wawili walikuja kukaa naye, wakanywa chai yangu, wakaondoka. Aliniita.

"Mama watoto, wanasema umemvunjia kijana heshima. Wanataka twende Ndanai tuseme pole."

"Na wewe unasemaje?"

Mume wangu si mtu wa kukimbilia jibu. Alitazama nje, kule mashina ya chai yanapoishia.

"Mimi nasema mvua imekaribia," alisema. "Soma kwanza hicho kitabu chako."

Hakunitetea zaidi ya hapo na sikumwomba. Ndanai sikwenda. Nilisoma hadi kijitabu kikaachana kurasa.

Mtihani wa pili ulikuja na manyunyu. Mabati ya kibanda yalipiga kelele na foleni ilikuwa ndefu hadi langoni. Safari hii mtahini alikuwa kijana, pengine rika la mkwe wangu, mwenye suti iliyolowa mabega. Alikuwa anawapeleka watu harakaharaka ili amalize kabla ya mvua kubwa. Nilipofika mbele alichukua fomu yangu, akaona tarehe ya kuzaliwa, akaniona mimi. Uso wake ukalainika. Nilimtambua kwa lafudhi kwamba ni mtoto wa huku huku, mtoto aliyelelewa vizuri.

"Umetoka wapi, mama?"

"Juu ya Sosiot."

"Na hii mvua yote! Mama, wewe usisumbuke." Alishika kalamu. "Nimekupitisha bodi. Enda tu ukae pale penye kuna paa, ungoje gari."

Nyuma yangu mtu alisema amina. Leseni ilikuwa pale, nusu yake, kwenye ncha ya kalamu ya kijana mmoja mwema. Yule dereva wa zamani alikuwa ameshaanza kuulizia funguo za pikapu. Mvua ndefu ilikuwa imefika, ilikuwa inatunyeshea hapo hapo tulipo, na hakukuwa na mtihani mwingine kabla ya mwenyekiti kumrudishia usukani. Kama ningeanguka, ingekuwa basi. Nilichotakiwa kufanya ni kusema asante na kwenda kukaa mahali pakavu. Miguu yangu ilitaka sana kwenda.

"Hujaniuliza," nilisema.

"Aa?"

"Hujaniuliza swali hata moja. Hao wengine umewauliza."

Alitabasamu. "Mama, nakusaidia. Ni heshima tu."

"Najua ni heshima. Nimeshakula ya kutosha. Niulize."

Tabasamu likaondoka. Alitazama foleni, akatazama mvua, akanitazama mimi kama mtu anayetazama mlango uliokataa kufunguka. "Mama, sasa nisikilize vizuri. Nikikuuliza, nakuuliza kama wengine. Ukianguka nitaandika umeanguka. Sitaangalia umri."

"Andika."

Akavuta bodi karibu. Aliniuliza mstari usiokatika una maana gani, nikamwambia. Aliniuliza kwenye raundabauti nampisha nani, nikamwambia aliye kulia kwangu. Alinipa kigari akaniambia nikipeleke sokoni kupitia shule, na akaniwekea vitu vyote njiani, watoto, reli, gari la wagonjwa, lori. Nilimpisha aliyestahili kupishwa, na nilipokuwa na haki ya kupita nilipita. Alikuwa ameacha haraka. Watu wa foleni walikuwa wamesogea kutazama. Swali la saba alichomoa kadi yenye alama ya duara jeupe lenye mstari mweusi uliolala upande.

"Hii?"

Niliitazama. Nilijua nimeiona mahali. "Njia imefungwa," nilisema.

"Umekosea, mama," alisema mtahini, kwa sauti kubwa, na foleni nzima ikasikia. "Hii inamaanisha marufuku iliyowekwa huko nyuma imekwisha."

Alihesabu kwa kidole kwenye karatasi yake, sita sahihi, moja si sahihi, akaandika nimepita, akapiga muhuri, akanisukumia fomu bila kuniangalia, akainua kichwa kuelekea foleni.

"Anayefuata!"